Kiuno cha Jiko

Pipa la mafuta likifika Kamukunji, Nairobi, huwa limeshamaliza kazi yake ya kwanza. Fundi hulilaza, akaweka tindo kwenye mshono na kuanza kugonga. Tindo husogea kidogo kila pigo, na mkato hautoki nje ya mstari. Bati likifunguka hutandazwa juu ya kipande cha reli, fuawe ya hapa, likapigwa mpaka likae sawasawa.

Ndipo kinapotoka kigezo, bati lililokatwa kwa umbo la tao. Fundi huchora kando yake kwa msumari, akakigeuza ili tao la pili lilalie la kwanza. Vipande vinavyobaki ni vidogo, navyo huwa miguu na bawaba.

Kila tao hukunjwa likawa na umbo la pia iliyokatwa ncha. Kingo mbili hupindwa, moja juu, moja chini, zikashikana, kisha nyundo huzilaza. Hakuna kuchomelea. Pia hizo mbili zikiunganishwa kwa pande zao nyembamba, jiko limepata kiuno.

Kiuno si urembo. Jiko hili la makaa lilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980, likichukua mfano wa jiko la ndoo la Thailand. La Kenya huwekwa kigae cha udongo nusu ya juu tu, nacho hukaa kwa kubanwa na mteremko wa bati. Chini hubaki pa majivu na hewa.

Kigae chenyewe hutoka kwa mfinyanzi, mbali na kelele hizi. Udongo husinyaa ukikauka, ukasinyaa tena tanurini, kwa hiyo mfinyanzi hukifinyanga kikubwa kuliko kinavyotakiwa. Huyu anakata bati, yule anakisia moto, na bado kigae huingia! Hilo ndilo linalonistaajabisha kuliko yote. Fundi hukigonga kwanza kwa kidole. Chenye ufa hutoa sauti butu. Kilicho kizima hukizungusha mpaka kitulie, akajaza saruji pembeni, taratibu, akiisukuma kwa kidole gumba ili pasibaki tundu.

Mama mmoja ameinama, anajaribu mlango wa jiko.

“Fundi, mbona unakaza hivi?”

“Uache hivyo, mama. Ukilegea hewa itaingia ovyo, na makaa yataisha maharagwe hayajaiva.”

Mama anaufunga tena, anaufungua, kisha anauliza bei. Hapo wanaanza kubishana.