Bi, Bwana na Boi: Maneno ya Kuitana katika Riwaya ya Mildred D. Taylor

Wahakiki wetu wanapoichambua riwaya, aghalabu huanzia katika orodha iliyokwisha zoeleka: dhamira, wahusika, mandhari, ishara, taharuki, mtindo. Orodha hiyo imetufaa sana madarasani. Lakini ipo riwaya moja ambayo uzito wake mwingi hauingii katika fungu lolote kati ya hayo, nayo ni Roll of Thunder, Hear My Cry ya Mildred D. Taylor, iliyotolewa Marekani mwaka 1976 na kupata Medali ya Newbery mwaka 1977. Humo ubaguzi wa rangi hauonekani katika moto na bunduki tu; umo pia katika maneno mafupi ambayo watu huitana nayo njiani na dukani. Maneno hayo mfasiri wa Kiswahili anaweza kuyaharibu bila kujijua, kwa kuwa lugha yetu haina ubahili wa heshima.

Hadithi inaanza mwaka 1933 katika jimbo la Mississippi. Familia ya Logan ni Weusi wenye shamba lao wenyewe la ekari 400, hali majirani zao wengi Weusi hulima pamba katika ardhi ya Wazungu na kugawana mavuno na mwenye ardhi. Bei ya pamba imeanguka, na baba amekwenda Louisiana kufanya kazi ya reli ili kodi na deni la shamba vilipwe. Msimulizi ni Cassie, msichana wa miaka 9, asemaye kwa nafsi ya kwanza. Umri huo ndio ufundi wa mwandishi. Mtu mzima wa Mississippi angezijua kanuni za ubaguzi, asione haja ya kuzieleza. Cassie hazijui, basi kila kanuni humfikia kama kofi, nasi hutufikia pamoja naye. Juu ya ardhi, moto na radi kama ishara sitasema mengi, maana hayo mwalimu yeyote atayaona mwenyewe.

Tukio lililo kiini cha hoja yangu latokea katika mji wa Strawberry. Cassie anamgonga kwa bahati mbaya Lillian Jean Simms, msichana wa Kizungu. Anaomba radhi, lakini haitoshi. Baba wa msichana yule anaingilia kati, anamsukuma Cassie barabarani, na kutaka aombe radhi upya, safari hii akimtaja binti yake kwa neno la heshima. Bibi yake Cassie anafika, na badala ya kumtetea anamwamuru aseme. Cassie anasema. Hakuna damu iliyomwagika, wala hakuna nyumba iliyochomwa, lakini kwa Cassie hakuna siku iliyokuwa katili kuliko hiyo.

Jioni mama yake anamfafanulia, na hapo dhamira yote ya riwaya inawekwa wazi. Kwa maneno yangu mwenyewe, mama anasema kwamba Wazungu wanachopewa si heshima bali ni hofu. Huenda Cassie akalazimika kumwita Lillian Jean kwa neno lile, lakini wasichana wa kanisani kwao atawaita kwa neno lile lile, kwa sababu anawaheshimu kweli. Neno ni moja. Mahali pamoja limetolewa kwa nguvu, mahali pengine kwa hiari. Baadaye Cassie analigeuza neno hilo kuwa mtego: kwa muda mrefu anajifanya mtumishi mnyenyekevu wa Lillian Jean, akimchukulia vitabu na kumwita kwa heshima zote, hata siku anapompeleka msituni na kulipa kisasi. Hiyo ndiyo kejeli iliyokomaa.

Tena yupo Bwana Jamison, mwanasheria wa Kizungu. Cassie anatwambia kuwa hajapata kumsikia Mzungu mwingine akimwita mama yake na bibi yake kwa neno la heshima la mwanamke aliyeolewa, na kwa hilo anampenda. Asiyeijua historia ya Marekani ataona ni jambo dogo. Lakini mwaka 1963, katika mahakama ya Alabama, mwanamke Mweusi aitwaye Mary Hamilton alikataa kujibu maswali kwa sababu aliitwa Mary tu, hali mashahidi wa Kizungu waliitwa kwa heshima. Akahukumiwa kifungo cha siku tano na faini ya dola 50. Mahakama Kuu ya Marekani iliitengua hukumu hiyo mwaka 1964.

Mfasiri afanyeje? Kwanza, nashauri achague neno moja, Bi, alitumie Strawberry, alitumie kanisani, na alitie kinywani mwa Bwana Jamison. Akiandika "bibi mdogo" huku na "dada" kule ili kupamba lugha, hoja ya mama imekufa. Msomaji atashtuka kumsikia mtoto akiitwa Bi na mtoto mwenzake, na ashtuke.

Pili, ajihadhari na maneno ya ukoo. Wazungu wa kusini mwa Marekani walikuwa na desturi ya kuwaita wazee Weusi kwa maneno ambayo kamusi itatufasiria "shangazi" na "mjomba". Walifanya hivyo ili wasilazimike kusema Bi wala Bwana. Kwetu shangazi ni cheo. Mfasiri akiliandika hivyo, tusi litageuka kuwa adabu, na Mzungu yule atatokea kuwa jirani mwema. Ngeli ya ki- itamsaidia zaidi: "wee kizee" laumiza inavyopasa. Kadhalika asimfanye Mzungu amwite mama yake Cassie "Mama Stacey", kwa jina la mwanawe wa kwanza, maana huko ni kumpa mama kile hasa anachonyimwa.

Kwa mwanamume mzima aitwaye mtoto, hatuna haja ya kubuni. Tunalo neno "boi", tuliloachiwa na nyumba za masetla na maofisa wa kikoloni, ambamo mwenye mvi na wajukuu alikuwa boi hadi kustaafu kwake.

Gumu zaidi ni neno lililo katika kitabu cha shule. Siku ya kwanza ya masomo, mdogo wake Cassie anapewa kitabu kilichochakaa. Ndani ya jalada mna jedwali la waliokipokea: mara 11 za kwanza ni Wazungu, mara ya 12, hali ya kitabu ikiwa mbaya kabisa, mpokeaji ameandikwa "nigra", kwa herufi ndogo. Mtoto anakitupa chini na kukikanyaga. "Mweusi" ni neno safi mno kwa jedwali lile, na "mtwana" litaleta Mississippi mashamba ya karafuu ya Unguja na aibu yetu wenyewe. Mimi ningeliacha "nigra" lilivyo, kwa herufi ndogo ile ile, kwa kuwa liliandikwa kwa wino wa serikali. Na kichwa cha safu ile kisiandikwe "kabila", kama fomu zetu za zamani zilivyozoea. Kiandikwe "rangi". Karani aliyelijaza jedwali hakuuliza kabila la mtoto yeyote.