Tabaka Moja la Werevu: Uhakiki wa Hoja ya Hansson kuhusu Makazi ya Mantiki katika Programu za Wavuti

Swali la mahali pa kuweka mantiki ya programu ya wavuti limejibiwa kwa misimamo zaidi kuliko kwa hoja. Wapo wanaoiweka ndani ya hifadhidata, wapo wanaoiweka kwenye seva iliyo kati ya hifadhidata na mtumiaji, na wapo wanaoisukuma hadi kwenye kivinjari. Sehemu hii inahakiki msimamo mmoja tu, ule alioutoa David Heinemeier Hansson mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya kuitoa hadharani Ruby on Rails. Kiini chake ni kwamba programu iwe na tabaka moja tu la werevu, nalo liwe modeli ya shughuli iliyoandikwa kwa objekti. Hifadhidata ibaki ghala la kutunzia data, lisilo na kauli juu ya kilichomo. Tumeuchagua msimamo huu kwa kuwa umewalea wasanifu wengi ambao hawajapata kuusoma. Aliyejifunza kazi kwa Rails, au kwa mifumo iliyoiga mwenendo wake, ameurithi bila kuulizwa.

Msimamo huu haukuzuka bure. Kanuni zinapoandikwa kama taratibu za ndani ya hifadhidata, huandikwa kwa lugha ya bidhaa husika, PL/SQL kwa Oracle au T-SQL kwa SQL Server, na kuhama bidhaa huwa sawa na kuandika upya. Aidha, kanuni hizo huwa mbali na msimbo mwingine, hivyo msomaji wa programu huona matokeo asiyoyajua chanzo chake. Martin Fowler, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu ruwaza za usanifu wa programu za taasisi, alikuwa amekwisha kueleza faida ya kuikusanya mantiki katika modeli ya shughuli, na mwaka 2003 akazilaumu modeli zenye upungufu wa damu, yaani objekti zinazobeba data bila tendo lolote. Hansson aliichukua hoja hiyo akaifanya amri. Hapo ndipo tofauti yetu naye inapoanza.

Kabla ya kuingia kwenye tofauti hiyo, istilahi yenyewe inahitaji tahadhari. Mgawanyo wa modeli, mwonekano na kidhibiti ulibuniwa na Trygve Reenskaug alipokuwa Xerox PARC mwaka 1978 na 1979, kwa ajili ya programu za Smalltalk zinazoendeshwa kwenye kompyuta moja mbele ya mtu mmoja. Kidhibiti chake kilipokea mibonyezo ya kipanya na kibodi. Kidhibiti cha Rails hupokea ombi zima lililosafiri mtandaoni, na nyuma ya ombi hilo huenda yapo mengine mia yanayofika kwa wakati uleule. Jina limehama, hali haikuhama nalo. Jamis Buck aliposhauri mwaka 2006 kwamba kidhibiti kiwe chembamba na modeli iwe nene, alisaidia sana kusafisha msimbo, lakini ushauri huo unahusu mpangilio wa maandishi na hausemi lolote juu ya maombi mawili yanayokutana.

Tuchukue mfano wa kubuni wa chama cha ushirika wa akiba na mikopo. Kanuni yake ni kwamba jumla ya mikopo ya mwanachama isizidi mara tatu ya akiba yake. Mwanachama ana akiba ya shilingi 1,000,000, hana deni, na ukomo wake ni shilingi 3,000,000. Ombi la kwanza la shilingi 3,000,000 linaingizwa na karani dirishani. La pili, la kiasi hichohicho, linatoka kwenye simu. Modeli nene inafanya kila ilichofundishwa: inasoma deni, inakuta sifuri, inaridhia. Ombi la pili linasoma kabla la kwanza halijaandikwa, linakuta sifuri vilevile, nalo linaridhiwa. Chama kimekopesha shilingi 6,000,000 dhidi ya akiba ya milioni moja, na hakuna mstari hata mmoja wa msimbo uliokosewa. Fedha hizo ni za wanachama wengine.

Huenda ikadhaniwa kwamba mfano huu ni wa kutafutwa. Peter Bailis na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 2015, walichunguza programu 67 za msimbo huria zilizoandikwa kwa Rails. Walikuta kwamba ukaguzi wa uhalali unaofanywa ndani ya modeli, ukijumlishwa na mahusiano yanayotangazwa humo, ulitumika zaidi ya mara 37 ya miamala ya hifadhidata. Haki inatudai tuseme pia kwamba sehemu kubwa ya ukaguzi huo haidhuriki kwa maombi kukutana. Kukagua kama jina limeandikwa hakutegemei anachofanya mtu mwingine. Hatari imo katika ukaguzi unaohitaji kujua hali ya rekodi nyingine, kama vile ule wa upekee, na nyaraka za Rails zenyewe huonya kwamba ukaguzi wa upekee hautoshi bila faharasa ya upekee ndani ya hifadhidata. Onyo hilo, likisomwa vizuri, ni kukiri kwamba tabaka moja halitoshi.

Je, basi wanaotetea hifadhidata wameshinda? Hapana, na mfano uleule unaonyesha kwa nini. Sharti la kawaida la hifadhidata, kwa mfano sharti la CHECK katika PostgreSQL, hukagua safu moja iliyo mbele yake. Halikusudiwi kujumlisha mikopo iliyo katika safu nyingine. Namna nyepesi ni hii: muamala uanze, safu ya mwanachama ifungwe, deni lisomwe, kanuni ya mara tatu itumike, mkopo uandikwe, kufuli liachiliwe. Kanuni imebaki katika msimbo wa tabaka la kati, mahali inaposomeka na kujaribiwa. Kilichoazimwa kutoka chini ni kufuli. Mtu akiuliza mantiki hii iko tabaka gani, jibu la kweli ni kwamba iko katika matabaka mawili, na kuilazimisha katika moja ni kuivunja.

Kuhusu kivinjari tunaweza kusema kwa ufupi. Ukaguzi wa huko ni ukarimu kwa mtumiaji, humwepusha na kusubiri jibu la seva ili aambiwe kwamba amesahau tarakimu. Hauwezi kuwa ulinzi, maana mwenye kompyuta anaweza kuubadilisha au kutuma ombi bila kuupitia. Katika Afrika Mashariki kuna sababu nyingine ambayo maandishi ya Marekani hayaigusi. Wanachama wengi hupiga menyu ya USSD, ambayo simu huonyesha maandishi tu na kurudisha tarakimu zilizobonyezwa. Kanuni iliyoandikwa kwenye ukurasa wa wavuti haipo kabisa kwa mtu huyo.

Hoja hii ina uzito wa kiutawala pia. Ukomo wa mikopo wa ushirika ni uamuzi wa wanachama wenyewe, na wanaweza kuubadilisha. Mkutano ukishusha mara tatu kuwa mara mbili, anayetunza programu lazima ajue ni wapi pa kubadilisha. Ikiwa kanuni imeandikwa kwenye ukurasa, kwenye kidhibiti na kwenye programu ya USSD, uamuzi wa mkutano utatekelezwa dirishani na kupuuzwa kwenye simu, bila mtu yeyote kukusudia. Katika hili Hansson yuko sahihi kuliko wakosoaji wake wengi: kauli ya kanuni iandikwe mara moja. Alichokosea ni kudhani kwamba kuiandika mahali pamoja na kuilinda mahali pamoja ni jambo moja.

Fowler aliacha nafasi kwa programu ndogo ambamo kila ombi lina utaratibu wake mmoja ulioandikwa kuanzia juu hadi chini, bila modeli yoyote. Ushirika wenye karani mmoja na dirisha moja unaweza kufanya kazi hivyo kwa miaka. Siku unapofungua menyu ya simu, utaratibu wa dirishani unapata mwenzake, na nakala ya pili ya ile mara tatu inakuwa imeshaandikwa.