Tume ya Lutundula: jinsi Bunge la Mpito lilivyochunguza mikataba ya wakati wa vita

Mwaka 2004 Bunge la Mpito la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo liliunda tume maalum ya kupitia mikataba ya kiuchumi na kifedha iliyotiwa saini wakati wa vita viwili, vile vya 1996–1997 na vile vilivyoanza Agosti 1998. Mwenyekiti wake alikuwa mbunge Christophe Lutundula, na watu wakaizoea tume hiyo kwa jina lake. Wazo lenyewe lilizaliwa kabla ya Bunge hilo kuwapo. Katika Mazungumzo ya Wakongomani yaliyofanyika Sun City, Afrika Kusini, mwaka 2002, wajumbe waliokaa kwenye kamisheni ya uchumi na fedha walikubaliana kwamba kila mkataba wa kipindi cha vita ukaguliwe na wabunge mara amani itakapopatikana. Wakati huo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameshaandika ripoti kadhaa juu ya uporaji wa madini, na Seneti ya Ubelgiji ilikuwa na uchunguzi wake. Kazi iliyobaki ni ile ambayo mgeni hawezi kuifanya kwa niaba ya mwenye nyumba: kusema kisheria ni mkataba upi unaibana nchi na upi hauibani.

Wabunge 500 wa kipindi hicho hawakupigiwa kura na wananchi. Waliteuliwa na pande zilizosaini makubaliano ya Pretoria ya tarehe 17 Desemba 2002: serikali ya Kinshasa, vikundi vya waasi vya RCD na MLC, upinzani usio na silaha, mashirika ya kiraia, vikundi vya RCD-ML na RCD-N vilivyojitenga na RCD, na wanamgambo wa Mai-Mai. Tume nayo iliwakusanya wajumbe wa pande mbalimbali, na hapo palikuwa na nguvu na udhaifu kwa pamoja. Aliyetoka upande mmoja alijua mengi juu ya biashara za upande wa pili na hakuwa na sababu ya kuyaficha. Lakini kila upande ulikuwa na mikataba yake iliyowekwa mezani, na wakubwa walioisaini, au waliofaidika nayo, sasa walikaa serikalini chini ya mpango wa rais mmoja na makamu wanne.

Fedha nyingi za kazi hiyo zilitoka Benki ya Dunia, na hazikutosha kufika kila mahali katika nchi yenye ukubwa wa Kongo. Tume ilitegemea njia mbili, yaani karatasi na mahojiano. Karatasi ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa, na hilo lilikuwa chaguo sahihi. Shahidi anayeulizwa juu ya mkataba alioupitisha mwenyewe ana kila sababu ya kusema amesahau, na baadhi ya walioombwa maelezo hawakutoa ushirikiano. Hati haina kisingizio hicho. Ina tarehe, saini, cheo cha aliyesaini na mgawanyo wa hisa. Mchunguzi mwenye subira huanza na maswali makavu: aliyesaini alikuwa na mamlaka gani siku hiyo, sheria ipi ilimruhusu, taifa liliingiza mali ya thamani gani, mwenzake aliingiza nini, kodi ipi ilisamehewa na kwa miaka mingapi. Shahidi huitwa baadaye, kueleza pale hati zinapopingana.

Faili moja linaloihusu Maniema, mkoa wa mashariki mwa nchi, moja kwa moja linaonyesha kwa nini mpangilio huo ulifaa. Kwa mkaaji wa Kama, katika eneo la Pangi, kampuni ya migodi ilimaanisha SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni za zamani za bati na dhahabu za Kivu na Maniema, na yenye shughuli kubwa Kalima, katika eneo hilohilo la Pangi. Taifa lilikuwa na asilimia 28 ya hisa zake. Katikati ya miaka ya 1990 hisa za wenye mitaji binafsi zilinunuliwa, zikaishia mikononi mwa Banro, kampuni ya Kanada. Tarehe 13 Februari 1997, wakati majeshi ya waasi wa AFDL yakizidi kuikaribia Kindu, mji mkuu wa Maniema, serikali ya Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati huo, ilisaini na Banro mkataba mpya uliozaa kampuni ya SAKIMA. Ndani yake Banro ilipata asilimia 93 na taifa asilimia 7.

Namba hizo mbili, 28 na 7, zinatosha kumfanya mjumbe wa tume asimamishe usomaji. Je, tofauti ya asilimia 21 ililipwa kwa kitu gani? Nani alipima thamani ya migodi, mashine, nyumba za wafanyakazi na barabara? Serikali iliyosaini ilikuwa bado inatawala eneo lenyewe, au ilikuwa imebakiwa na wino tu? Kisa kinaendelea. Julai 1998 Laurent-Désiré Kabila, kiongozi wa AFDL aliyekuwa sasa rais, aliufuta mkataba kwa amri ya rais. Banro ikaenda mahakamani ng'ambo, na Aprili 2002 serikali ya mwanawe aliyemrithi, Joseph Kabila, ikakubali suluhu: Banro ikabaki na dhahabu ya Twangiza, Kamituga, Lugushwa na ile ya Namoya katika eneo la Kabambare, nalo taifa likabaki na SAKIMA na bati lake. Ndani ya miaka mitano mali ileile ilikuwa imepita katika mikono ya serikali tatu. Isitoshe, tangu Oktoba 1998 Kindu ilikuwa chini ya RCD, ambayo haikuwa mezani pale Kinshasa ilipoafikiana na kampuni. Hakuna shahidi mmoja anayeweza kulisimulia faili kama hilo kwa ukamilifu. Linasomeka tu hati zote zikiwekwa kwa mpangilio wa tarehe.

Tume iliikabidhi ripoti kwa uongozi wa Bunge Juni 2005. Ilisema kwamba mikataba mingi ilikuwa kinyume cha sheria au haikuwa na faida ya maana kwa nchi, ikataka mingine ivunjwe na mingine ijadiliwe upya, na ikapendekeza baadhi ya wahusika wafikishwe mahakamani. Ilitaka pia utiaji saini wa mikataba mipya usimame hadi baada ya uchaguzi, kwa kuwa viongozi wa mpito walikuwa wakiendelea kugawa migodi kwa mtindo uleule wa wakati wa vita. Pendekezo hili la mwisho ndilo lililokuwa zito kuliko yote, maana liliwagusa watu waliokuwa madarakani siku hiyo.

Miezi ikapita ripoti ikiwa imefungiwa. Wabunge walianza kuipata Februari 2006, na haikujadiliwa katika kikao cha wajumbe wote kabla ya uchaguzi wa tarehe 30 Julai mwaka huo. Kasoro haikuwa katika uchunguzi. Tume ya Bunge haina nguvu ya kufuta mkataba wala kumfunga mtu. Nguvu yake yote inapatikana pale taarifa inaposomwa mbele ya wabunge wote na kupigiwa kura, na ratiba ya vikao ilikuwa mikononi mwa uongozi uliotoka katika pande zilezile zilizochunguzwa. Azimio la Sun City lilieleza nini kichunguzwe. Kilichokosekana ni siku ya lazima ambayo matokeo yangesomwa hadharani.

Tanzania inaonyesha jinsi hatua hiyo moja inavyobadilisha mambo. Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, chini ya Harrison Mwakyembe, iliundwa Novemba 2007 na kusoma taarifa yake bungeni Dodoma tarehe 6 Februari 2008. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Kamati hiyo ilikuwa na dosari yake: Lowassa alilalamika kwamba hakuitwa kuhojiwa, na hoja hiyo ni nzito kwa yeyote anayejali haki ya kusikilizwa. Hata hivyo mjadala ulifanyika mchana kweupe, majina yakitajwa na majibu yakitolewa.

Kongo ilirudi kwenye suala hilo kwa mlango wa serikali. Aprili 2007 Wizara ya Madini chini ya Martin Kabwelulu iliunda kamati ya kupitia mikataba 61 ya migodi. Matokeo yake yalitangazwa Machi 2008: hakuna hata mkataba mmoja uliopita bila dosari, 39 ilihitaji kujadiliwa upya na 22 ilistahili kuvunjwa. Safari hii watumishi wa dola ndio waliochunguza kazi ya dola. Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, mwezi uleule ripoti ya Lutundula ilipoanza kuwafikia wabunge, inataja katika kifungu cha 138 tume za uchunguzi na mahojiano mbele ya kamati kuwa njia za Bunge na Seneti kuisimamia serikali na kampuni za umma. Namna ya kuzitumia imeachiwa kanuni za ndani za kila chumba.