"Ile hela": jinsi neno moja linavyochota pesa simuni

Tarehe 29, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye foleni ya wakala, noti za kodi ya nyumba nimezikunja kiganjani, nikisubiri mama aliye mbele yangu amalize kuhesabu zake. Simu ikatetemeka. "Ile hela usitume kwenye ile namba, laini ina deni itakatwa. Tuma kwenye hii, jina litakuja la Neema." Chini yake namba nisiyoijua. Kwa sekunde kama tano hivi nilimwona kabisa baba mwenye nyumba wangu akiandika maneno hayo, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Nikaanza hata kumkumbuka huyo Neema: si ndiye binti yake anayesoma chuo?

Baba mwenye nyumba wangu hana binti anayeitwa Neema.

Tanzania nzima inawajua watu hawa kwa jina la kazi yao: wale wa "tuma kwenye namba hii". Wanachekwa, wanatungiwa vichekesho, na bado wanakula. Cha ajabu ni kwamba ujumbe wenyewe haujabadilika sana miaka yote hii. Chombo kisichofanyiwa ukarabati muda mrefu namna hiyo, ujue kinavua. Basi nimeuweka mezani, tuupasue.

Neno la kwanza ndilo lenye kazi kubwa. Shuleni tulifundishwa kwamba "hii" ni ya karibu, "hiyo" ni iliyokwishatajwa, na "ile" ni ya mbali. Lakini "ile" ina kazi nyingine tunayoitumia kutwa nzima bila kuifikiria: ni neno la watu wanaojuana. Ukimuuliza mtu "vipi ile ishu?", umeshamwambia kwamba ishu ipo, kwamba mnaijua wote wawili, na kwamba hakuna haja ya kuitaja. Anayesikia ndiye anayekwenda kuitafuta kichwani mwake. Tapeli hajui kama unadaiwa kodi, ada, rambirambi, mchango wa harusi au zamu yako kwa kijumbe wa mchezo. Hana haja ya kujua. Angeandika "kodi" angewakosa wenye nyumba zao; angeandika "ada" angewakosa wasio na watoto. "Ile hela" inamkaa kila mwenye deni, na tarehe 29 nani hana?

Tazama pia kile ambacho hakimo. Hakuna salamu, hakuna jina la mwandikaji. Salamu ingemuumbua papo hapo, maana mzee wangu ananiita "mwanangu", rafiki angeanza na "oya" au "mkuu", na dada wa mchezo hawezi kukuomba hata senti kabla hajakuuliza umeamkaje. Ukiondoa salamu, ujumbe unakuwa vazi lisilo na kipimo. Kila atakayeuvaa utamtosha.

Kisha kisingizio cha deni. Siku hizi mtu anaweza kukopa kwenye laini yenyewe, na asipolipa, hela yoyote itakayoingia inakatwa kwanza. Wengi limeshawakuta. Kwa hiyo mtu kukimbilia laini nyingine si jambo la kutiliwa shaka. Nayo mitandao ya Tanzania, ambayo kuanzia 2014 ilianza kuruhusu wateja wake kutumiana pesa, imeondoa swali jingine tulilokuwa tukiuliza zamani: mbona huyu kahamia mtandao mwingine?

Lakini kwangu ufundi halisi uko mwishoni, kwenye "jina litakuja la Neema". Kabla muamala haujakamilika, kioo cha simu kinakuletea jina alilosajiliwa nalo mpokeaji. Hicho ndicho kizuizi kikubwa walichotuwekea wenye mitandao, na kwa kweli ni kizuri: ukikosea tarakimu, jina la mtu baki linakushtua. Tapeli hakivunji. Anakigeuza kiwe shahidi wake. Amekwishakutajia jina, na jina linapotokea kama alivyosema, moyo unatulia pale ulipotakiwa kushtuka. Mtambo umesema kweli, namba ni ya Neema, naye tapeli amesema kweli. Swali lililopotea ni moja tu, la Neema ni nani kwako.

Na huyo Neema huenda yupo kweli, analima mpunga wake huko na hana habari. Tangu laini zianze kusajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, zoezi lililofikia ukomo wake Januari 20, 2020, laini haiwezi kukaa hewani bila mwenyewe kujulikana. Wahalifu wakahamia kwenye vidole vya wenzao. Unakwenda kusajili laini kwa kijana mwenye mwavuli, unaweka kidole, anakuambia haijasoma, weka tena. Unaweka tena. Mara ya kwanza ilisoma vizuri tu. Ya pili ndiyo iliyosajili laini ambayo hutaiona maishani. Dawa yake ni rahisi, nayo ni kupiga *106# na kuangalia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtoa huduma ikafungwe, usingoje polisi waje kukuuliza habari zake.

Tuje kwenye hesabu, maana watu hudhani tapeli amepata namba zao mahali fulani kwa hila. Namba zetu zina tarakimu 10. Shika nne za mwanzo, tuseme 0754, zinabaki sita, yaani namba milioni moja kamili. Hahitaji orodha wala kudukua chochote. Anapanda ngazi moja moja, na bando la meseji ni bei ya chai. Huyu si mvuvi wa mshipi anayemfuata samaki mmoja, huyu anakokota juya. Katika ujumbe elfu moja, akimpata mmoja aliyesimama kwa wakala na hela mkononi, siku yake imelipa. Taarifa za robo mwaka za TCRA, mamlaka ya mawasiliano, zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa inaongoza kwa majaribio ya ulaghai wa namna hii. Ni shughuli ya vijana wenye simu za bei rahisi na kichwa chepesi cha lugha. Mtaalamu wa kompyuta hahitajiki.

Hapo ndipo nina ugomvi na tangazo tunalosikia kila siku: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Ni agizo sahihi, na ukilivunja umekwisha. Lakini rudi kwenye ujumbe wa Neema. Nani aliombwa namba ya siri? Hakuna. Ningeibonyeza mwenyewe, kwa kidole changu, kwenye simu yangu. Tangazo linalinda mlango ambao mwizi huyu hapiti. Na kwa kuwa mteja ndiye aliyethibitisha, ukienda kulalamika unakuta muamala wako uko safi kabisa kwenye vitabu.

Njia ya sauti ni hivyohivyo, ila hapa utapeli unahitaji mwigizaji. Anakupigia mtu mwenye Kiswahili laini cha ofisini, nyuma yake kuna mlio wa simu nyingine na watu wanaongea. Anakuita kwa jina lako kamili. Hilo lisikutishe: yeyote akianza kukutumia hela, kioo chake kinamletea jina lako, halafu anaghairi. Anakuambia kuna hela imeingia kwako kimakosa, au laini yako itafungwa, mkamilishe uhakiki pamoja. Naye kwa uungwana anakuonya usimtajie namba yako ya siri. Ukisikia hivyo, unamwamini.

Halafu anakuongoza. Bonyeza nyota mia moja hamsini, endelea, bonyeza moja. Sasa weka namba ya kumbukumbu. Hiyo ni namba ya simu ya mwenzake. Sasa weka msimbo wa uhakiki: "nne, nane, saba, sifuri, sifuri, sifuri." Isome polepole kama alivyoisema, tarakimu moja moja. Ingetamkwa kama hela, laki nne na themanini na saba elfu, ungeruka kwenye kiti. Ikitamkwa kama msimbo, sikio linaipokea kama msimbo. Sasa weka namba yako ya siri, usiniambie. Imekwenda.

Menyu nayo inamsaidia bila kukusudia. Ujumbe wa USSD, yaani hizi huduma za nyota na reli, una nafasi ya herufi 182 tu, na humo inabidi viingie jina, kiasi, makato na maelekezo. Isitoshe, ukichelewa inakata na unaanza upya. Aliyezoea kukatiwa anajibu haraka kabla hajamaliza kusoma. Kama ningepewa nafasi ya kuwashauri wahandisi wa menyu hizo, ningewaomba skrini moja ya peke yake isiyo na kitu kingine ila "UNATUMA", kiasi kwa maneno, na jina. Anayesoma "laki nne" kwa herufi hawezi kudhani ni msimbo.

Mwingine atakuambia upige *21* ikifuatiwa na namba fulani, halafu reli. Huko si kwenye pesa kabisa, ni amri ya kawaida ya simu za GSM inayohamisha simu zako zote ziende kwa mtu mwingine. Benki au WhatsApp ikitaka kukusomea namba ya uthibitisho kwa sauti, anayesomewa ni yeye. *#21# inakuonyesha kama umehamishwa, ##002# inafuta uhamisho wote.

Wenye akaunti za benki kwenye programu ya simu wana hatari nyingine, ya kubadilishiwa laini. Namba yako haikai ndani ya kile kikadi. Kikadi kina utambulisho wake, na mtandao una jedwali linalosema utambulisho huu ni wa namba hii. Akipatikana wa kulibadilisha jedwali, kwa nyaraka bandia au kwa mfanyakazi asiye mwaminifu, kikadi chako kinakufa palepale na namba zote za uthibitisho za benki (OTP) zinatua kwingine. Dalili yake ni moja, na ni rahisi kuidharau: simu yako haina mtandao, ilhali jirani mwenye mtandao uleule anaongea. Watu wengi huzima na kuwasha, wanakwenda kulala. Usilale. Azima simu, ipigie benki kwanza wazuie akaunti, ndipo umpigie mtoa huduma.

Ya viungo vya mtandaoni, ya "Freemason", ya "mwanao kaanguka shuleni, tuma ya matibabu", nayapita. Ni wimbo uleule kwa ala nyingine. Ila huu wa mtoto shuleni ndio unaonichukiza kuliko wote, kwa sababu unamnyima mzazi hata ile sekunde moja ya kufikiri.

Aliyekwishatuma asipoteze muda kumpigia tapeli amtukane. Hela inapoingia kwenye laini ya Neema haikai. Inahamishwa laini ya pili, ya tatu, na kutolewa kwa wakala dakika chache baadaye. Kinachoweza kuikamata ni kumpigia mtoa huduma namba 100 ikiwa bado ipo njiani. Namba iliyokutumia ujumbe unairipoti 15040, hata kama hukuibiwa.

Mimi pale kwenye foleni nilifanya kitu kimoja tu. Nilitoka pembeni, nikampigia baba mwenye nyumba kwa namba niliyoiandika mwenyewe siku nahamia, si ile ya kwenye ujumbe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Unatuma leo?"

"Natuma. Ila nimepata ujumbe hapa, kwamba laini yako ina deni, nitume kwa Neema."

Kimya kidogo. Nikasikia redio yake kwa nyuma ikipunguzwa sauti.

"Ina maana si fundi?"

"Fundi gani, baba?"

"Fundi wa bomba. Nilimbakizia elfu thelathini yake. Ujumbe huohuo umeingia kwangu saa tatu."

"Umetuma?"

"Si jina lilikuja la Neema?"