Pongezi kwa Watunza Mtama na Ulezi wa Musaga

Katika mtaa wa Musaga, kusini mwa Bujumbura, ambako viwanja ni vidogo na mahindi hupewa nafasi ya kwanza, kaya inayotenga kipande cha bustani kwa ajili ya mtama (amasaka kwa Kirundi) au ulezi (uburo) inastahili pongezi za dhati, kwa kuwa inahifadhi mbegu za asili, yaani zile zilizochaguliwa na wakulima wenyewe kizazi baada ya kizazi. Mazao haya mawili hujichavusha kwa kiasi kikubwa, maana yake ua hupokea chavua yake lenyewe, na hivyo mkulima anayechagua masuke bora wakati wa mavuno hupata mbegu zinazofanana na mzazi wake, tofauti na mahindi chotara ambayo mbegu zake hununuliwa upya kila msimu. Mtama mwekundu, ambao tanini zake chungu huwapunguzia ndege hamu ya kuushambulia, ndio unaotumika kutengeneza impeke, pombe ya heshima katika harusi na mahari. Ulezi nao, wenye punje ndogo zisizobunguliwa kwa urahisi, huweza kukaa ghalani miaka kadhaa. Ikumbukwe pia kwamba Umuganuro, sherehe kuu ya ufalme wa Burundi iliyokomeshwa enzi za ukoloni, ilikuwa sherehe ya kupanda mtama. Kila mwenye bustani Musaga na aombe konzi ya mbegu kwa jirani, aipande msimu ujao.