Askari Kumi na Sita wa Tabaka

Seti ya sataranji ina kete 32. Kati yake 16 ni askari, na sharti wafanane kimo na mabega. Kiwandani kazi hiyo ni ya kalibu. Tabaka, huko Mugirango Kusini katika Kaunti ya Kisii, ni ya jicho na kisu.

Kete za Tabaka huchongwa kwa jiwe la sabuni, ambalo huchimbwa kwa sururu na mtaimbo. Kuna jeupe, la waridi, jekundu na la kijivu. Fundi hulichunguza kwanza, maana ufa uliojificha ndani unaweza kuvunja shingo ya farasi kazi ikiwa karibu kwisha. Msumeno hukata vipande, panga hutoa umbo, kisu kidogo humalizia masikio na manyoya. Jiwe hili ni laini hata ukucha hulikwaruza, na ulaini huo ndio mtego wake: kisu kikiteleza, kilichoondoka hakirudi.

Kisha kazi huhamia kwenye beseni la maji, ambako mara nyingi wanaoketi ni kina mama. Husugua kwa msasa wa kukwaruza, kisha mwororo, mpaka alama za kisu zifutike. Kete hukaushwa, hupakwa nta na kung'arishwa kwa kitambaa. Hapo mishipa iliyofunikwa na vumbi hujitokeza.

Ufundi huu umefika mbali. Sanamu ya ndege wa amani ya mchongaji Elkana Ong'esa, mwana wa Tabaka, iko makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Hata hivyo, vinyago vingi vimevuka bahari bila jina la aliyevichonga, vikipita mikononi mwa madalali.

Simu imefupisha njia hiyo. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, arubuni inaweza kumfikia fundi kabla hajagusa msumeno. WhatsApp humpelekea mteja picha, ila picha haina uzito wala kipimo. Kwa hiyo muuzaji makini huweka rula kando ya kete, hupiga picha kivulini ili nta isimeremete, na huizungusha kete mbele ya kamera. Huo nao ni ufundi.

Teknolojia haijachonga hata sikio moja la farasi. Faida yake ni kwamba jina la fundi sasa linaweza kusafiri na kazi yake, na aliyepoteza askari mmoja akajua ampigie nani.