Nusu Kilobaiti Inayomrahisishia Mwanafunzi wa Arduino

Anayejifunza leo huchomeka kebo ya USB kwenye bodi ya Arduino Uno, akabofya mara moja, na taa ndogo ya pini 13 ikaanza kuwaka na kuzima. Kwa kawaida, kuweka programu kwenye chipu tupu ya aina iliyo kwenye bodi hiyo hutaka kifaa cha pekee cha kuiandikia. Hicho ndicho kikwazo kilichoondolewa.

Arduino ilianza mwaka 2005 huko Ivrea, Italia, kwenye chuo cha usanifu. Massimo Banzi na wenzake waliendeleza Wiring, kazi ya uzamili ya Hernando Barragán kutoka Colombia, na mchango wake huo haupaswi kusahauliwa.

Ufundi wenyewe ulioondoa kikwazo hicho uko kwenye butiloda, programu ndogo inayokaa ndani ya chipu. Kwenye Uno inachukua nusu kilobaiti tu kati ya kilobaiti 32 za chipu ya ATmega328P. Chipu inapoanza upya, butiloda huamka kwanza na kusikiliza: kama kompyuta inatuma programu mpya, inaipokea na kuiandika, kama kuko kimya, inaiachia ya zamani iendelee. Na nani anaianzisha chipu upya kwa wakati unaofaa? Kapasita moja ya nanofaradi 100, inayopitisha ishara kutoka upande wa USB. Kazi kubwa namna hiyo imebebwa na kitu cha bei ndogo kabisa, na mimi naona hapo ndipo ubunifu ulipo.

Umeme, hata hivyo, mwanafunzi hakufichwa, na ni vizuri hakufichwa. Pini hutoa volti 5, LED nyekundu hutumia kama 2, na 3 zilizobaki lazima zimalizwe na rezista. Ukiweka ya omu 220, unapata mkondo wa miliampea 14 hivi, salama kwa pini na kwa taa.

Kitufe ndicho kinachowachanganya wengi. Pini ya kusomea ikiachwa bila kuunganishwa popote, hudaka umeme wa hewani na kusoma 0 na 1 ovyo. Mwanafunzi akadhani programu yake ina kasoro. Agizo la INPUT_PULLUP huiunganisha pini hiyo na volti 5 kupitia rezista iliyomo ndani ya chipu, na kitufe kikaunganishwa upande wa GND, yaani volti 0. Basi kikibonyezwa husomeka 0, kikiachiwa husomeka 1. Mwalimu aliseme hilo mapema, kabla mwanafunzi hajaanza kufuta mistari iliyo sahihi.